Daktari wa Ubongo wa Taa

Mara ya kwanza mama kumwambia mtu kwamba mimi ni daktari wa ubongo, nilikuwepo pale pale, na nilimsahihisha. Tulikuwa kwenye foleni ya posta. Nikamweleza yule mama aliyesimama mbele yetu kwamba mimi si daktari, ni fundi wa maabara, nakata ubongo wa samaki. Akacheka, akadhani natania. Mara ya pili nilisahihisha pia. Mara ya tatu nilikuwa nimetoka kazini miguu inaniuma, nikanyamaza, na tangu hapo mtaa mzima ukanijua kwa jina la Daktari.

Ubongo nilikuwa nao kweli, kila siku ya kazi, mbele ya pua yangu. Maabara yetu ilikuwa chini kabisa ya jengo la sayansi, ngazi kumi na nne kutoka usawa wa barabara, chumba kisicho na dirisha, chenye harufu ya dawa ya kuhifadhia ambayo inakwaruza koo mpaka unaizoea, halafu wanaokaa nawe mezani ndio wanaoanza kuisikia. Profesa wangu alikuwa akichunguza papa wadogo na taa, wale samaki bapa wenye mkia mrefu. Samaki alitulizwa kwanza kwa dawa iliyotiwa kwenye maji yake mpaka asihisi kitu, kisha profesa mwenyewe alitoa ubongo. Ubongo wa taa mdogo unaenea kwenye kijiko cha chakula. Mimi niliugandisha, nikaubana kwenye mashine, nikaukata vipande vyembamba kuliko unywele, mamia kwa mamia, na kipande kilichotaka kujikunja nilikinyoosha kwa brashi ndogo kabla hakijaharibika. Halafu nilivipaka dawa inayotafuta kemikali moja tu ya ubongo, serotonini. Seli zenye serotonini zinageuka kahawia. Zisizokuwa nayo zinabaki kama hazipo.

Nikiweka kipande chini ya hadubini nilikuwa naziona, seli chache zimejipanga katikati ya shina la ubongo kama vifungo vya shati, nyingine zimetawanyika pembeni, na kutoka kwa kila moja nyuzi nyembamba zinakwenda mbali, zinafika kila kona ya kichwa. "Hawa tuliachana nao zaidi ya miaka milioni mia nne iliyopita," profesa alikuwa akisema kila akija mgeni, "na bado vifungo viko pale pale." Kwa binadamu seli hizo zinahusika na usingizi, maumivu, hamu ya chakula, na namna mtu anavyoamka asubuhi akaitazama siku yake. Kwa papa zinafanya nini hasa, hatukujua. Ndiyo kazi tuliyokuwa tukiifanya.

Haya yote nilimweleza mama. "Wiki hii nakata ubongo wa taa," nikamwambia. Akaacha kukunja nguo.

"Taa? Taa ina ubongo tangu lini? Hii ya sebuleni kwetu hata kuwaka ni mpaka uibembeleze."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Kesho yake nikamsikia akimwambia jirani kwamba binti yake amegundua kitu kichwani mwa watu kinachowafanya wafurahi.

Basi watu wakaanza kuja. Huyu ana karatasi ya hospitali haisomeki, yule mtoto wake anaanguka kifafa, mwingine hapati usingizi. Karibu wote niliwaambia waende hospitali, na hilo halikumdhuru mtu. Ila nilikuwa nalisema kwa sauti fulani, polepole, nimekunja mikono, kama nilivyoona madaktari wakifanya. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, sina mume, sina mtoto, cheti changu ni cha miaka miwili tu, na watu wazima walikuwa wakininyanyukia kwenye kiti. Sitasema uongo, nilipenda.

Kaka yangu peke yake ndiye hakulichukulia jina lile kwa uzito. Yeye aliniita Dokta Papa. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa ajili hiyo kila mtu, hata mkewe, alimwita Cheche. Mtu mnene, mwenye sauti kubwa, hawezi kupita mlango bila kuugusa kuona bawaba zimekaa sawa. Alinizidi miaka sita. Baba yetu alipofariki Cheche aliacha shule akaenda kujifunza ufundi, na mimi nikaendelea kusoma. Hakuwahi kulitaja hilo, hata tukigombana.

Mwaka jana alianguka. Walikuwa wanafunga vyuma vya paa la ghala, ngazi ikateleza, akafikia mgongo. Mifupa miwili ya uti wa mgongo ilipata nyufa. Alikaa hospitali mwezi mzima, akarudi nyumbani, akajifunza kutembea upya akiwa amepinda kidogo upande wa kushoto. Kliniki wakampa vidonge vya kawaida vya maumivu na kumwambia avumilie. Mwili ukapona hatua kwa hatua. Yeye hakupona.

Wifi yangu, mke wa Cheche, ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Siku moja mchana alishuka zile ngazi kumi na nne, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa kwenye kiti cha profesa bila kukaribishwa.

"Wifi, kaka yako amezimika."

"Amezimika vipi?"

"Hasemi. Haogi mpaka nimvue nguo kama mtoto. Nikimuuliza anataka nini, anasema hataki kitu. Juzi mwanawe kamletea ripoti ya shule, kawa wa pili darasa zima. Kaishika juu chini, kasema vizuri, kairudisha. Jana nimemkuta anatazama ukuta. Nikamuuliza unatazama nini. Akasema, sitazami." Macho yake yalizunguka kwenye rafu, kwenye mitungi yenye vichwa vya samaki, yakarudi kwangu. "Nimemwambia twende hospitali akaongee na wale wa akili. Kasema yeye si kichaa. Mama naye kasema mwanawe hapelekwi huko watu wakamcheka, wakati dada yake ndiye mwenye kazi hiyo. Nisaidie, wifi. Mimi najua kushona tu."

Pale nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba na mimi najua kukata tu. Nilivua glavu, nikamshika mkono, nikamwambia nitakuja.

Nilimkuta Cheche kwenye kochi, amevaa shati alilolilalia. Ndevu zimeota hovyo. Aliponiona mdomo ulijaribu kucheka, ukaishia upande mmoja.

"Dokta Papa. Umekuja kunikata vipande?"

"Nikukate unene huo, mashine si itakufa?"

Aliutazama ukuta. Kisha akauliza, "Hao papa wako, na wao wanaishiwa hamu?"

"Hamu ya nini?"

"Ya kila kitu. Kuogelea. Kula."

"Sijui. Seli tunazochunguza wanazo, kama zako. Kazi yake wanaijua wao."

"Kwa hiyo zangu zimekufa."

Hakuuliza. Alisema tu, huku anatazama mikono yake. Nami nikamjibu upesi, kwa ile sauti ya polepole, kwamba hazijafa, zimelegea tu, na kwamba zipo dawa za kuzisimamisha. Nilikuwa sijui lolote kuhusu seli za kaka yangu. Nilikuwa nazijua za taa mia moja na kumi, wote wafu. Lakini aliinua uso akaniangalia kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa, na mimi nikaona kwamba naweza.

Dawa nilizijua kwa jina. Zinatajwa kwenye kila makala tuliyosoma maabara, vidonge vinavyozuia serotonini isirudishwe haraka ndani ya seli zilizoitoa, ili ikae nje ikifanya kazi. Nilikwenda duka la dawa la karibu na chuo. Muuzaji alinijua. Kwa kawaida vidonge vile haviuzwi bila cheti cha daktari, na yeye aliuliza cheti kiko wapi, halafu akajicheka mwenyewe. "Samahani, Daktari, mazoea tu." Akachukua boksi kwenye rafu. "Mgonjwa ana dawa nyingine anazotumia?"

"Za maumivu tu. Za kawaida."

"Haya. Ila akibadilishiwa chochote, ujue."

"Najua," nikasema.

Cheche nilimpa masharti mawili, kidonge kimoja asubuhi baada ya kula, na asimwambie mtu. Wa kliniki hasa asiwaambie, nikamwonya, wataanza maneno ya vyeti na maswali yasiyoisha. Akakubali. Alikuwa ananikubalia kila kitu siku hizo.

Wiki mbili hakukuwa na kitu. Wiki ya tatu wifi akanipigia simu analia, nikashtuka, kumbe analia kwa furaha. Cheche ameoga mwenyewe. Amenyoa ndevu. Ameuliza nani kaweka bawaba ya dirisha vibaya hivi. Mwezi ulipoisha alikuwa kwenye kibanda chake cha kuchomelea, anapiga nyundo taratibu, anaimba kwa ile sauti yake isiyojua tuni. Jumapili aliyokuja kwa mama akala sahani mbili, mama alinishika shavu mbele ya wageni wote akasema, "Huyu tumbo langu halikufanya kazi bure." Cheche aliniangalia kwa chini ya paji, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, bila utani, "Ahsante, mdogo wangu."

Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Nilikuwa naenda nalo kazini, narudi nalo.

Miezi miwili baadaye alinipigia simu mchana wa siku ya kazi. Nilikuwa nimeanza kukata shina la ubongo la taa mkubwa, sehemu yenye zile seli za katikati, sehemu ambayo ukikosea vipande vitatu tu umepoteza mnyama mzima. Niliibana simu kwa bega.

"Mdogo wangu, naona kama narudi kule."

"Kule wapi?"

"Kule nilikokuwa. Asubuhi nakaa kitandani nashindwa kuvaa kiatu. Na mgongo umeanza tena tangu nilipobeba geti la mteja. Kliniki wamenibadilishia dawa, hizi mpya zinalewesha kidogo, lakini maumivu zinayakata."

Kipande kilikuwa kinaanza kujikunja kwenye wembe. "Sawa," nikasema. "Zile zangu ongeza. Viwe viwili."

"Viwili kwa pamoja?"

"Ndiyo, asubuhi. Nitakupigia."

Sikumpigia. Nilikinyoosha kile kipande, kikakaa vizuri sana, kina seli kumi na mbili zilizo wazi. Maongezi yote yalichukua muda mfupi kuliko wa kukaanga yai.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, kama saa nne asubuhi, wifi aliniita nyumbani kwao. Cheche alikuwa kitandani, shuka limelowa jasho. Mikono inatetemeka. Macho yamefunguka sana, mboni kubwa nyeusi. Alikuwa anaongea haraka haraka juu ya geti fulani, anacheka, anakasirika, anauliza nani kafungulia redio ilhali redio haikuwepo chumbani. Kila baada ya muda miguu yake iliruka yenyewe.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu jana anatetemeka, akasema ni uchovu. Leo ndiyo hivi. Nimwite jirani mwenye gari twende hospitali?"

Nilimgusa paji la uso. Moto. "Ni homa," nikasema. "Imeanza kumpanda kichwani. Tuishushe kwanza, tukimpeleka hivi watamwacha kwenye benchi mpaka jioni."

"Una hakika, wifi?"

"Nina hakika."

Tukamkanda maji. Saa nzima ikapita tunabadilisha vitambaa. Hakupoa. Akaanza kugugumia, anashika mgongo, anasema unavunjika, unavunjika. Wifi akaniambia saa ya dawa yake ya mgongo imepita, iko pale kwenye stuli. Nikachukua kidonge, nikamwinua kichwa, nikamnywesha. Alimeza kwa shida. Nilikuwa narudisha boksi kwenye stuli ndipo nikasoma jina la dawa.

Kwenye mlango wa kabati la maabara yetu kuna karatasi iliyochapwa na profesa mwaka nilioajiriwa, orodha ya dawa zinazogusa serotonini, ambazo haturuhusiwi kuzitumia kumtuliza samaki kwa sababu zitavuruga kile tunachotaka kukiona. Majina kumi na matatu. Nimelifungua kabati hilo kila siku kwa miaka tisa. Jina lililokuwa kwenye boksi mkononi mwangu lilikuwa la saba. La vile vyangu lilikuwa la pili. Zikikutana mwilini, serotonini inafurika mpaka inakuwa sumu.

Nilimtia Cheche vidole kooni. Alining'ata. Hakikutoka kitu. Wifi alikuwa anapiga kelele, unamfanya nini, unamfanya nini, nami nikamwambia akamwite jirani mwenye gari, mbio.

Hospitali walimpokea mara moja, tofauti na nilivyosema. Daktari wa zamu alikuwa msichana mdogo, labda hajafika thelathini, mwenye viatu vya raba vilivyochanika. Alimtazama macho, akamshika unyayo akausukuma juu kwa ghafla. Mguu ukaanza kupiga wenyewe, tap tap tap tap, hausimami. Akausukuma wa pili, hivyo hivyo. Akageuka.

"Anatumia dawa gani?"

Wifi akaninyooshea mkono. "Muulize huyu, yeye ndiye daktari wake. Ni dada yake."

Yule msichana akaniangalia kwa matumaini, kama mtu aliyekutana na mwenzake. "Vizuri. Daktari wa idara gani?"

Wauguzi wawili walikuwa wamesimama pale. Jirani mwenye gari alikuwa mlangoni. "Si daktari," nikasema. "Mimi ni fundi wa maabara. Nakata ubongo wa samaki."

"Sijakuelewa."

"Papa na taa. Nakata vipande. Nilimpa vidonge vya huzuni bila cheti, miezi mitatu sasa. Wiki iliyopita nikamwambia aongeze. Na kliniki wakampa hivi." Nikampa boksi. "Hawakujua. Mimi ndiye niliyemkataza asiwaambie. Kimoja nimemnywesha mwenyewe leo hii."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisoma boksi, akawapigia wauguzi kelele wafuate barafu, washushe joto, waandae sindano ya kumlegeza misuli, akavuta pazia. Mimi na wifi tukabaki upande wa nje. Kitambaa cha pazia kilikuwa kifupi, tuliona viatu vinakwenda na kurudi.

Wifi alisimama mbali nami kama hatua tatu. "Samaki," akasema.

Nilivitazama vile viatu.

"Nilikuja mpaka kule chini. Nikaona ile mitungi. Nikajiambia, hawa wa kujifunzia, wagonjwa wanao juu." Sauti yake haikupanda. "Ungeniambia wakati ule, wifi. Ningembeba hata mgongoni kumpeleka panapofaa."

Cheche alipandishwa wodi ya wagonjwa mahututi. Homa ilifika arobaini na moja na nusu. Walimlaza usingizi wa dawa, wakamwekea bomba la kupumulia. Figo zikagoma Jumapili. Mama alikuja akakaa upande wa kichwa, anamsemesha mambo ya utotoni, jinsi alivyokuwa anakusanya misumari iliyopinda akaipanga kwa urefu. Alipochoka aligeuka kwangu. "Waambie, mwanangu. Waelekeze. Hawa ni watoto, hawajui." Nikatoka nje ya wodi.

Alifariki Jumatatu saa nane mchana. Daktari yule mdogo ndiye aliyetuambia. Tulimzika Jumanne.

Niliandika maelezo yote kwa mkono, kurasa nne, nikaitaja kila siku na kila kidonge, nikayapeleka kwa uongozi wa hospitali. Walipiga muhuri nakala yangu wakasema wataniita. Mpaka leo hawajaniita. Muuza dawa aliposikia msiba alifunga duka wiki mbili, kisha akafungua. Nikipita anainama kutafuta kitu chini ya kaunta. Profesa nilimweleza yote. Alivua miwani, akaishika muda mrefu.

"Orodha uliiona?"

"Kila siku."

Akanipa likizo ya wiki mbili. Niliporudi nilikuta kipande changu kile chenye seli kumi na mbili amekipiga picha, amekibandika ukutani, kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko vyote tulivyowahi kuvipata. Nilikibandua. Naendelea kukata, maana ndiyo kazi ninayoijua, lakini kuhesabu seli nimemwomba atafute mtu mwingine.

Mama nilimwambia siku ya saba baada ya mazishi. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Nilikaa chini mbele yake nikasema yote tangu mwanzo, sikuruka kitu. Vidole vyake havikusimama.

"Nani mwingine anajua?"

"Wifi na jirani yake. Profesa. Na wa hospitali."

"Basi inatosha."

"Mama, umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia. Masikio ninayo." Akapeperusha makapi. "Nilizaa wawili. Mmoja nimemfukia juzi. Sasa unataka nikae hapa nimchukie aliyebaki? Halafu niishi na nani? Na hili sinia?" Akalisukuma pembeni, mchele ukamwagika kidogo. "Usiniambie tena. Ukinirudia na habari hiyo nitatoka nikuache ukiongea na ukuta."

Siku ile ile alipigiwa simu ya pole na ndugu wa mbali. Nikamsikia akisema, "Daktari alipambana, mwanangu yule, alipambana sana, ila siku zilikuwa zimefika." Nikasimama mlangoni. "Mama, mimi si daktari." Aliziba simu kwa kiganja. "Nyamaza," akaniambia, kisha akaendelea kuongea.

Kwa wifi nilikuwa naenda kila Jumamosi. Hakuna aliyeniita. Nilifika saa nne, yeye alinifungulia mlango, akanipa kiti, akarudi kwenye cherehani. Mwanawe alikuwa ananisalimia, "Shikamoo, shangazi," halafu anatoka kwenda kwa wenzake. Nilikata nyuzi zilizoning'inia kwenye sare, nilishonea vifungo, nilipiga pasi kola. Wifi alinipa kazi kwa kunyoosha kidole tu. Saa sita aliniletea chakula, nami nikala. Sikupata ujasiri wa kumwomba msamaha, na nadhani aliona kwamba ndicho nilichofuata pale, akanisubiri nikiseme, au akanisubiri nisikiseme. Mpaka leo sijui.

Jumamosi ya sita alizima cherehani nikiwa katikati ya sare ya tatu.

"Wifi," akasema, "nimehesabu. Kila ukiondoka hapa nashindwa kufanya kazi siku mbili. Nina oda za shule nzima."

"Ninakuchelewesha?"

"Hapana, unashona vizuri." Alikuwa anatazama sindano. "Mtoto ataendelea kuja kwa bibi yake, na akikuta uko, ni shangazi yake, sitamkataza. Lakini hapa kwangu usije tena."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekuelekeza njia. Nikamwambia nimesikia. Nikamalizia kifungo nilichokuwa nimekianza, nikakata uzi, nikaikunja ile sare nikaiweka juu ya nyingine. Alinifungulia mlango mwenyewe. Barabarani mvua ilikuwa imeanza, na alinishikisha mwavuli bila kunitazama, akasema niuache kwa mama.

Niliuacha kwa mama.